Shati Lililobaki Kazini

Alasiri hiyo Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha Mheshimiwa, na ndiyo kwanza anauanza wa kulia. Mheshimiwa hakuwa mheshimiwa wa kitu chochote. Ni jina alilobandikwa pale kinyozini kwa sababu alikuja na suti hata siku za joto la kuchemsha ubongo. Alifanya kazi wizarani, ghorofa ya juu, Kitengo cha Vikwazo, na kwa miaka mingi alinyolewa kwenye kiti kilekile huku akilalamikia timu yake ya mpira. Siku hiyo mpira hakuugusa. Alikuwa akiichungulia saa ya ukutani kupitia kioo.

"Fanya haraka kidogo leo, ndugu yangu," alisema.

"Haraka haraka haina baraka, Mheshimiwa. Nikikukata sikio utaniletea askari."

"Wewe nyoa tu."

Ilipogonga saa tisa, mashine ya kunyolea ilinyamaza. Haikuzimika kama inavyozimika umeme ukikatika. Ilisimama hewani, juu kidogo ya sikio la kulia, na Kinyozi alipoivuta haikuja. Akaiachia. Haikuanguka. Akataka kuchukua kitana mfukoni, akaona mkono haushuki, kwa sababu mkono wa shati haushuki. Suruali nayo ilikuwa imesimama wima, imara, na viatu vilikuwa vimeshika sakafu. Kitambaa cheupe alichomfunga Mheshimiwa shingoni kilikuwa kigumu kama bati.

Mheshimiwa alishusha pumzi kama mtu aliyeachwa na basi. Akajinyonganyonga, akateleza chini ya kitambaa, akatokea kwa magoti kati ya miguu ya kiti. Suti yake ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo alitoka nayo. Akajipangusa vumbi.

"Pole sana," alisema.

"Pole ya nini tena?"

"Tangazo limetoka." Akachukua gazeti lake, akajifunika upande ambao haujanyolewa, akaenda zake.

Bahati ya Kinyozi ni kwamba alipenda kufungua vifungo vyote vya shati wakati wa joto, na mkanda hakuwa mtu wa kuubana. Alichomoa mikono, akashika nondo za dirisha, ambazo ni za mwenye nyumba, akajivuta juu mpaka akatoka ndani ya suruali na viatu kama muhogo unavyong'olewa. Chupi haikukubali kufuatana naye. Wahenga walisema ukivuliwa nguo chutama, basi naye akachutama nyuma ya kiti, akamwomba muuza maji wa mlango wa pili amwitie mkewe. Nguo zilibaki zimesimama pale pale, mkono wa kulia umenyooka kuelekea kwenye mashine, kazini.

Mkewe alikuwa msusi. Alikuja na shuka begani. Akazizunguka zile nguo mara moja, akambonyeza mtu asiyekuwemo kwenye bega, kisha akamtupia mumewe shuka.

"Hili nililinunua mimi," alisema, "kwa hiyo litakuja."

Likaja.

Njiani alimweleza alichokisikia redioni huko anakosukia. Serikali imetangaza orodha mpya ya watu waliowekewa vikwazo na baraza la dunia, na kuanzia saa tisa mali zao zote hazitasogea. Wametaja jina lake, kazi yake, na hadi kovu la kidole gumba. Kinyozi alikitazama kidole chake. Kovu lilikuwepo, alilipata kwa wembe enzi za ujana wake. Aliona kwamba wamefanya kazi yao vizuri, ila wamekosea mtu.

Nyumbani ilikuwa kazi ya kukagua. Redio ilikuwa yake, imesimama katikati ya wimbo. Viatu vyake vya mvua vilikuwa mlangoni, na kila aliyeingia alijikwaa. Kuku wake alikuwa uani na mguu mmoja juu, jicho limefumbuka, mzima wa afya. Sufuria zote zilimtii mke. Meza waliyoinunua pamoja ilisogea upande mmoja tu. Birika likajibu ubishi wa siku nyingi: mke alilinyanyua juu juu, akamwangalia mumewe. Kisha akaitazama pete aliyovishwa siku ya harusi. Akainua mkono taratibu, akachezesha vidole.

"Kumbe ulinipa kweli," alisema.

"Ulidhani nilikuazima?"

Wakacheka. Walikuwa bado wanaweza kucheka, kwa sababu mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka bila taabu, na dirisha, na hata geti la uani lenye kutu. Nyumba ile Kinyozi aliachiwa na mama yake. Mke alisema vikwazo navyo vina huruma, vimewaachia pa kulala.

Mheshimiwa alifika asubuhi na kofia kichwani, ameshika kalamu. Alikuwa ametumwa kuhakikisha. Alisukuma redio kwa kidole, akaandika. Akamsukuma kuku, akaandika. Mke alimwekea chai, akainywa.

"Jana ulijua," Kinyozi alimwambia.

"Sheria hairuhusu kumtonya mhusika. Ndiyo maana nikakwambia ufanye haraka."

"Mimi nimefanya nini?"

"Malori yako yamepeleka vipuri vya silaha kwa watu waliokatazwa."

"Malori gani? Mimi sina hata baiskeli!"

"Yale yaliyosimama jana saa tisa," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Moja liko kwenye mzunguko, karibu na soko. Unaweza kwenda kulitazama."

Kinyozi akamwonyesha mlango. Alitaka kumthibitishia kwamba orodha ina makosa. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Angalia. Nyumba ya mama yangu, urithi wangu, na inafunguka. Orodha yenu imekosea."

Mheshimiwa aliirekebisha kofia yake. Hakuuandika ule mlango. "Kitu cha mtu aliye kwenye orodha hakisogei," alisema. "Kinachosogea si chake."

Mke aliweka birika chini. Aliketi kwenye kigoda chake, akautazama mlango ukijibamizabamiza kwa upepo, mwepesi.

Lori lilikuwa kwenye mzunguko kweli, jekundu, kubwa, na magari mengine yalikuwa yameshajizoesha kulizunguka. Vitunguu vilivyokuwemo vilikuwa vya mfanyabiashara wa sokoni, kwa hiyo vilishushwa bila shida. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kupandia. Alipomwona Kinyozi ndani ya shuka la mkewe alisimama.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Lakini bosi wako ni mdogo wangu, mwanangu. Unamjua vizuri."

"Namjua, mzee. Lakini lingekuwa lake lingeondoka."

Kinyozi akaweka kiganja kwenye bodi. Alimjua aliyekuwa akitembea na malori haya kama anavyokijua kichwa chake. Mdogo wake alikuwa na umri wa kuanza shule mama yao alipofariki. Yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa vichwa vya watu, akamnyoa ndevu zake za kwanza kwenye kiti kile kile. Mwaka uliopita mdogo mtu alikuja kinyozini na rundo la karatasi. "Weka sahihi hapa, kaka, na hapa, na hapa. Mambo ya leseni tu." Kinyozi aliweka, vidole vimejaa nywele za wateja. Hakusoma. Kusoma karatasi aliyoletewa na ndugu yake aliona ni kumtukana. Na mtu aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo, ameegemea, povu limemjaa kidevuni, alikuwa Mheshimiwa. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyewajulisha. "Huyu mdogo wangu," alisema kwa majivuno. "Shikaneni mikono, huenda mkafaana."

Wakafaana.

Mdogo mtu alikuja jioni, nguo zinampepea, simu inalia mfukoni. Alikwepa viatu vya mlangoni bila kuangalia chini. Shemeji yake hakumkaribisha kiti.

"Kaka, nimeumia kuliko wewe," alianza.

"Nyumba ni ya nani?" Kinyozi aliuliza.

"Kaka, tulia kwanza."

"Nimetulia. Nimevaa shuka, nitakimbilia wapi? Nyumba ya mama ni ya nani?"

"Iko kwa jina la mke wangu. Niliiweka salama! Hebu fikiri. Ingekuwa yako, jana mlango ungegoma, mngelala nje. Mimi ndiye niliyewaokoa."

Aliyasema kwa uso mkavu, na maneno yalikuwa na mpangilio wake, kiasi kwamba Kinyozi nusura amshukuru. Ni mkewe aliyeuliza lile lililotakiwa kuulizwa.

"Mwaka jana ulijuaje kwamba mwaka huu kutakuwa na tangazo?"

Mdogo mtu alijikuna shingo. "Nina mtu pale wizarani."

"Mtu anayevaa kofia?"

Simu ililia tena, akaizima. Mtu anaweza kuibiwa na mwizi akalala usingizi. Lakini huyu, Kinyozi alikuwa amembeba mgongoni.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi sitaki nyumba, sitaki lori. Nenda pale ofisini useme kweli. Sema malori ni yako, kaka yako aliweka sahihi kwa kukuamini. Neno moja tu."

"Nikisema, kesho nitasimama barabarani uchi, mimi. Nina watoto, kaka."

"Na mimi nilikuwa na mtoto. Wewe."

Hapo mdogo mtu akalia. Alilia machozi ya kweli, hayo hayakuwa ya kuigiza, akapiga magoti, akaishika miguu ya kaka yake. Akasema ataenda. Akasema orodha huwa inafanyiwa marekebisho kila Alhamisi, na Alhamisi hii asikilize redio, atasikia jina lake linatoka. Kinyozi alimshika kichwa. Vidole vyenyewe vikapima nywele, kwa mazoea, vikaona zimefikia kunyolewa.

"Asante ya punda ni mateke," mke alisema alipoondoka.

"Usimwite punda. Amelia."

"Hata mamba analia, baba."

Kungoja Alhamisi kulihitaji kuishi, na kuishi kulihitaji ufundi. Mheshimiwa alileta kibali cha mahitaji ya lazima, chenye muhuri, kilichomruhusu Kinyozi kutumia kijiko kimoja na godoro. Suruali haikutajwa. Muuza maji akamwazima yake ya zamani, akasisitiza mbele ya watu kwamba ameazima, hajampa. Kinyozi alijaribu kumnyoa mzee mmoja kwa mkasi wa mkewe, na kazi ilikwenda. Shida ilikuja kwenye malipo. Sarafu ilipotoka mkononi mwa mzee ikawa ya Kinyozi, na ilipokuwa yake ikasimama hewani, inchi moja juu ya kiganja. Ipo hadi leo. Watoto wa mtaa hupita wakiinama.

Chakula alikula kwenye sahani ya mkewe. Mkewe, ambaye miaka yote alizoea kusema "chako hiki, kipo mezani," alijifunza kufunga mdomo. Aliketi karibu naye, akawa anasema, "Nionjee changu." Kinyozi alionja mpaka sahani ikaisha. Wote wawili walijua kwamba akiteleza ulimi mara moja tu tonge litasimama kati ya sahani na kinywa.

Alhamisi walikwenda kwa muuza maji kusikiliza redio yake. Msomaji alisema kwamba serikali, kwa mujibu wa wajibu wake kimataifa, imefanya marekebisho katika orodha. Kinyozi alishika mkono wa mkewe. Malori yaliyozuiliwa yameondolewa kwa maslahi ya umma, kwa kuwa yanabeba vyakula, na yamekabidhiwa kwa mmiliki mpya, mfanyabiashara mwanamke mwenye sifa njema. Hapo mke alitamka jina la mke wa shemeji yake kabla ya redio kulitamka. Aidha, maelezo ya mhusika, yaani kinyozi, yamehuishwa. Kinyozi akasogea karibu. Penye neno *nywele nyeusi*, pasomeke *ana mvi*.

Muuza maji akazima redio. Wakamwangalia kichwani. Zilikuwepo kweli, kandokando ya masikio, zimeota wiki ile ile.

"Wanafuatilia," alisema muuza maji.

Kwa mbali walisikia lori la kwenye mzunguko likiwaka.

Kinyozi alipanda wizarani kwa suruali ya kuazima. Mheshimiwa alimpokea vizuri, akamvutia kiti cha serikali, ambacho kilivutika. Kofia alikuwa ameivua. Alikwishamaliziwa kichwa na kinyozi mwingine, na Kinyozi aliona papo hapo kwamba pande mbili hazilingani. Alijizuia kusema. Akauliza afanye nini ili atoke.

"Orodha si yetu," Mheshimiwa alieleza. "Ni ya baraza la dunia. Sisi tunatekeleza."

"Na baraza lilinijuaje, mimi, kinyozi wa uchochoroni?"

"Lilipata taarifa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwetu." Akasubiri kidogo, kama vile jambo hilo lilihitaji kupoa. "Mdogo wako alikuja hapa, kama alivyokuahidi. Alikaa hapohapo ulipokaa. Alilia sana. Kisha akasaini kwamba malori yalikuwa yako siku zote, na kwamba amekuwa akikuonya."

Iliuma, jamani. Iliuma kuliko siku ya kuchutama nyuma ya kiti, kwa sababu siku ile alikuwa bado anadhani amekosewa na watu asiowajua. Alitaka kutukana, akatafuta tusi, likakosa mtu wa kulibeba. Kila alilolifikiria lilimrudia mama yake, ambaye ni mama yao wote wawili.

"Upande wa kulia wamekukata vibaya," alisema mwishowe, akanyanyuka.

"Nimeona," alisema Mheshimiwa. "Nilikuzoea wewe."

Kabla mwezi haujaisha, mke wa mdogo mtu aliipangisha nyumba. Wapangaji waliingia kwa ule mlango mwepesi. Kitanda, kabati na redio ya Kinyozi havikung'oka, kwa hiyo waliamua kuvitumia pale vilipo, na kabati wakalitundikia pazia. Kuku walimwacha na mguu wake juu. Mtoto wao alimzoea, akawa anamwaga mchele mbele yake kila asubuhi. Kinyozi na mkewe wakahamia chumba kimoja karibu na anakosukia mke, chumba kilichoandikwa jina la mke, na ndani hamkuwa na kitu chochote cha Kinyozi isipokuwa Kinyozi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mke alimwambia usiku wa kwanza.

"Nguo zangu ziko kazini," alisema.

Na kweli zilikuwa kazini. Mwenye nyumba alishindwa kupangisha kile chumba cha biashara, maana nani atafungua duka katikati yake kuna kiti kisichosogea na shati lililonyoosha mkono? Akaacha mlango wazi. Vumbi likaingia, buibui akafunga nyuzi kutoka kwenye kola hadi kwenye kioo. Mke wa Kinyozi akipita alizipangusa zile nguo mabega.

Siku moja Kinyozi alirudi pale alasiri, alipokosa pa kwenda. Alivua suruali ya muuza maji, akaikunja, akaiweka juu ya dirisha. Akashika nondo, akajishusha ndani ya suruali yake mwenyewe, miguu ikaingia kwenye viatu, mikono ikaingia kwenye mikono ya shati. Kila kitu kilimtosha, ingawa kilimpwaya kidogo, kwa kuwa amekonda. Alhamisi iliyofuata orodha ilirekebisha hilo pia.

Tangu hapo huenda kila alasiri. Ndizo saa pekee anazovaa kilicho chake. Husimama nyuma ya kiti, mkono umenyooka, kidole kinagusa mashine, na wapita njia humsalimia kwa jina la kazi yake naye huitikia, kwa sababu sauti haikuorodheshwa. Wengine huja na kuketi kwenye kiti, chini ya kitambaa kigumu, wakampa habari za mpira.

Na malori hupita. Barabara ile ndiyo ya kwendea mpakani, na yamefunikwa kwa turubai zilizofungwa vizuri. Juzi lile jekundu lilipunguza mwendo mbele ya mlango. Mdogo wake alikuwa mbele, pembeni ya dereva. Alishusha kioo. Nywele zilikuwa zimemrefuka, hazijakatwa na mtu anayezijua.

"Kaka!" aliita. Akapunga mkono, akangoja.

Kinyozi alimtazama. Chuki haikuwa imefika bado. Kilichokuja mbele kilikuwa kile kichwa kidogo cha mtoto wa darasa la kwanza, akikinyoa uani huku kinalia kwamba sabuni inachoma. Alitaka kumpungia. Hata mwenyewe hakujua ni kwa kumsamehe au kwa kumfukuza. Mkono haukuinuka, kwa sababu shati lilikuwa lake.

Mdogo mtu alingoja kidogo zaidi. Kisha akapandisha kioo, na usoni alikuwa na ile hali ya mtu aliyedharauliwa na ndugu yake. Lori likaenda.